Imeili inaonekana kwenye simu, ukirudi haipo: kisa cha ofisi ya forodha iliyochanganya POP na IMAP

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya wenye ofisi. Jina la ofisi, anwani zao, wateja na aina ya mizigo vyote nimeviondoa, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili wasitambulike, ila mambo ya kiufundi nimeyaacha kama yalivyokuwa maana hapo ndo penye faida. Kisa cha namna hii kinaanza hivihivi kwenye ofisi nyingi ndogo: watu wamechoka na webmeili, wanaita fundi awawekee imeili kwenye programu ya kompyuta, siku hiyo inafanya kazi, fundi analipwa, wote wanafurahi. Tatizo linakuja wiki kadhaa baadaye na linakuja na sura ya wizi.

Mazingira

Ofisi ni ya wakala wa forodha, iko Dar es Salaam, watu sita. Wana domeini yao, hostingi ya kawaida ya cPanel (ukurasa wa kuendeshea hostingi), na anwani moja ambayo ndo roho ya ofisi, hapa nitaiita anwani ya dokumenti. Kila karatasi ya mzigo inapita humo: B/L (hati ya meli ya kusafirishia mzigo), invoisi, paking listi, notisi ya kuwasili kutoka kwa wakala wa meli, maswali ya wateja, kila kitu. Anwani hiyo moja ilikuwa inasomwa na watu wanne: dada wa dawati la dokumenti, bosi, na vijana wawili wanaozunguka bandarini ambao wao wanasoma kwenye simu.

Kwenye kompyuta, kwa miaka walikuwa wanatumia webmeili kwenye brauza tu. Shida zake unazijua kama umewahi kuitumia kwa kazi nzito. Intaneti ikikata huwezi kusoma hata barua ya jana, ukitafuta B/L ya miezi mitatu nyuma ukurasa unazunguka weee, na ukikaa muda mrefu unaandika inakutoa nje na ulichoandika kinapotea. Halafu boksi lilikuwa limejaa. Hostingi yao ilimpa kila mtu GB 1, na kwa ofisi inayopokea skani kutwa nzima GB 1 si kitu, kwa sababu faili ukiliambatisha kwenye imeili linageuzwa kuwa maandishi ili liweze kusafiri, na likigeuzwa linanenepa karibu theluthi, yaani PDF ya MB 3 inakalia nafasi ya kama MB 4. Wateja wakaanza kurudishiwa barua zao na ujumbe kwamba boksi la mpokeaji limejaa. Kwa wakala wa forodha hiyo ni aibu na ni hasara.

Hapo ndo akaitwa fundi wa kwanza, akapewa kazi mbili kwa mpigo: weka imeili kwenye kompyuta ya dokumenti, na boksi lisijae tena.

Ilivyotokea

Fundi yule aliweka Thunderbird, programu ya imeili, kwenye kompyuta ya dada wa dokumenti, akachagua POP, yaani njia ya kushusha barua zije kukaa kwenye kompyuta, na kwenye setingi za seva akatoa tiki pale palipoandikwa "Leave messages on server". Maana yake ni kwamba programu kila baada ya dakika kumi inaenda kwenye seva, inabeba barua zote mpya, inazileta kwenye diski ya kompyuta, na kule kwenye seva inazifuta. Kwa kazi mbili alizopewa hilo lilikuwa jibu kamili kabisa. Boksi liliacha kujaa siku hiyohiyo, na dada akawa anasoma barua zake hata intaneti ikiwa imekata. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia kisa hiki wanakimbilia kumtukana fundi, na mimi naona si haki. Hakuna aliyemwambia kwamba anwani ile inasomwa pia kwenye simu mbili na laptopu.

Wiki chache baadaye bosi naye akataka kwenye laptopu yake, yeye anatumia Outlook. Ikawekwa POP vilevile, safari hii na setingi zilivyokuja zenyewe, ambazo kwa Outlook ni kuacha kopi kwenye seva na kuifuta baada ya siku 14.

Sasa angalia picha yote. Boksi ni moja, kompyuta ya dokumenti inabeba na kufuta, laptopu ya bosi inabeba na kuacha kwa wiki mbili, na simu za vijana ziko kwenye IMAP, njia nyingine ya kusoma imeili, ambayo yenyewe haibebi kitu, inaonyesha tu kilichopo kwenye seva kwa wakati huo. Kijana yuko getini bandarini, simu inalia, anaona notisi imeingia, anasema nitaisoma nikikaa. Akikaa haipo. Kumbe kompyuta ya ofisini imeshaibeba. Upande wa bosi ndo kinyume: saa za kazi laptopu yake inapata kidogo sana kwa sababu kompyuta ya dokumenti inamtangulia, ila jioni na Jumamosi mchana, kompyuta ya ofisini ikiwa imezimwa, barua zinaingia kwake. Kinadharia Jumatatu kompyuta ya dokumenti ingezikuta bado kwenye seva na kuzibeba pia. Lakini bosi alishaudhika na boksi kujaa, na mtu mmoja akamwelekeza atoe ile tiki ya kuacha kopi. Akaitoa. Tangu siku hiyo barua za ofisi zikagawanyika, za mchana ziko kwenye kompyuta moja, za jioni na wikiendi kwenye nyingine, na kwenye webmeili hakuna kitu.

Kilicholipua mambo ni notisi ya kuwasili kontena iliyotumwa Jumamosi. Ilibebwa na laptopu ya bosi, bosi akasafiri, laptopu ikabaki kwenye begi. Dada wa dokumenti hakuwahi kuiona. Mteja alipopiga simu kuuliza mzigo wake, siku za bure za kontena kukaa bandarini zilikuwa zimeisha na storeji, yaani malipo ya kuhifadhi, inahesabu. Ofisi ililipa yenyewe, mteja hakupaswa kubeba hilo.

Wakakaa kikao, wakakusanya malalamiko: barua zinaonekana kisha zinapotea, nyingine hazifiki kabisa, webmeili tupu. Wakahitimisha wameingiliwa. Kijana mmoja mwenye paswedi ya cPanel akabadilisha paswedi ya anwani ya dokumenti palepale.

Kesho yake asubuhi hakuna hata mtu mmoja ofisini aliyeweza kufungua imeili, wala webmeili, wala tovuti yao wenyewe. Hapo ndo nikapigiwa simu. Dada aliniambia, "Kaka, wametufungia kila kitu, hata webusaiti yetu wameichukua."

Tulichokagua kabla ya kugusa kitu

Nilimuuliza swali moja kwenye simu: zima waifai, washa bando lako, fungua tovuti ya ofisi. Ikafunguka. Akarudi kwenye waifai, haifunguki. Hapo jibu la kufungiwa lilikuwa limeshapatikana. Seva nyingi za hostingi zina fayawoli inayohesabu paswedi zilizokosewa, zikizidi kiwango inaifungia ile anwani ya IP (namba ya mtandao) zinakotokea. Ofisi nzima inatoka nje kwa IP moja ya ruta, kwa hiyo kompyuta moja tu au simu moja inayorudiarudia paswedi ya zamani kila dakika chache inatosha kuwafungia wote, na kwa kuwa tovuti yao iko kwenye seva hiyohiyo nayo ikawa haifunguki. Tukawasiliana na watu wa hostingi wakaiachia IP.

Ila sikutaka kulitupa lile wazo la kuingiliwa, na nawaomba mafundi wenzangu msilitupe kirahisi. Utapeli wa invoisi unafanyika hivi: mtu anaingia kwenye boksi, anaweka filta ya kuficha barua fulani au anaweka kopi ya kila barua iende kwake, anasoma mazungumzo ya malipo kimyakimya, kisha siku ya malipo anatuma invoisi yenye akaunti ya benki nyingine. Dalili yake moja ni hiyohiyo ya barua kupotea. Kwa hiyo tulifungua cPanel tukaangalia sehemu za kupeleka barua kwingine, zote tupu, tukaangalia filta za anwani ile na za akaunti nzima, nazo tupu, kisha tukapitia filta za ndani ya webmeili. Hakuna kitu. Baada ya hapo ndo nikakaa kwenye kiti cha dada, nikafungua setingi za Thunderbird, nikaona POP na ile tiki imetolewa, halafu tukafungua folda lake la kupokelea. Barua "zilizopotea" zote za mchana zilikuwa humo.

Humohumo nikakuta kitu kingine. Muunganisho ulikuwa poti (mlango wa seva) 110 bila usimbaji wowote, yaani paswedi inapita wazi kwenye waifai. Sababu yake ilieleweka: fundi aliandika jina la seva kama mail ikifuatiwa na domeini ya ofisi, wakati cheti cha usalama cha seva kilikuwa na jina la mashine ya hostingi, programu ikawa inatoa onyo kila ikifunguliwa, akazima usimbaji ili onyo liondoke.

Maamuzi na kwa nini

La kwanza lilikuwa kutobadilisha paswedi tena wala kufungua programu yoyote kwenye laptopu ya bosi mpaka tuwe na orodha ya kila kifaa chenye anwani ile. Tuliiandika kwenye karatasi, mtu kwa mtu. Orodha ikatoka ndefu kuliko walivyodhani.

La pili lilikuwa nafasi. Huwezi kuwaambia watu hamieni IMAP wakati boksi ni GB 1, maana kwenye IMAP barua zinakaa kwenye seva na wiki moja tu utakuwa umerudi kwenye kujaa. Kompyuta ya dokumenti ilikuwa na kama GB 6 za barua, laptopu ya bosi kama GB 3. Kulipia nafasi ya kila kitu pamoja na barua mpya zitakazoingia ilikuwa gharama ambayo bosi hakuiona ina maana, na nilikubaliana naye, B/L ya miaka minne nyuma haihitaji kukaa kwenye simu ya kijana aliyeko getini. Tukaamua miaka miwili ya karibuni irudi kwenye seva, ya zamani ibaki kwenye folda za ndani za kompyuta na kopi yake kwenye diski ya nje. Hostingi wakapandisha boksi hadi GB 10 kabla hatujahamisha hata barua moja. Mpangilio huo ni muhimu, ukianza kupandisha barua kwenye boksi dogo utalijaza wewe mwenyewe na barua mpya za wateja zitaanza kurudishwa ukiwa umelala.

Tatu, kila kifaa kiwe IMAP, poti 993 yenye usimbaji, na kutuma iwe SMTP poti 465 yenye usimbaji na paswedi. Poti 25 iliyokuwepo mwanzo tuliiacha, kampuni nyingi za intaneti zinaifunga kwa wateja wao ili kuzuia spamu, ndo maana bosi akiwa nyumbani alikuwa anapokea lakini hawezi kutuma. Jina la seva tulichukua lile linaloonyeshwa na cPanel yenyewe kwenye ukurasa wa kuunganisha vifaa, onyo la cheti likaisha bila kuzima chochote. Jina la mtumiaji ni anwani nzima pamoja na domeini yake, watu wengi wanaandika kipande cha mbele tu kisha wanasema paswedi inakataa.

Tulipohamisha hatukubadilisha akaunti ya POP iwe IMAP. Tuliongeza akaunti ya IMAP pembeni ndani ya programu ileile, ya POP tukaizuia isiende tena kuchukua barua, kisha tukakopi folda kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kukopi, siyo kuhamisha. Ukihamisha na intaneti ikakata katikati utabaki hujui kipi kimefika. Tulikwenda kwa vipande vya miezi mitatu mitatu, usiku, na kila kipande tukalinganisha idadi ya barua pande zote mbili kabla ya kuendelea. Intaneti ya ofisi upande wa kupandisha ni ndogo kuliko wa kushusha, kwa hiyo kazi hii ilikula usiku kadhaa na hakuna namna ya kuiharakisha.

Bosi alitaka pia Gmail yake binafsi iwe kwenye Outlook ileile, na paswedi sahihi ilikuwa inakataliwa. Tangu 30 Mei 2022 Google haipokei paswedi ya kawaida kutoka kwenye programu za aina hiyo kwa akaunti binafsi. Ama programu ikufungulie ukurasa wa Google uingie huko, Thunderbird inafanya hivyo, ama uwashe uthibitisho wa hatua mbili kisha utengeneze paswedi ya programu yenye herufi 16. Outlook yake ilikuwa ya zamani, tukatumia hiyo ya herufi 16.

Matokeo

Barua za mchana na za wikiendi zilikutana kwenye boksi moja kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Zilizojirudia, zile ambazo kompyuta zote mbili ziliwahi kuzibeba kabla bosi hajatoa tiki, tuliziondoa kwa programu jalizi inayolinganisha namba ya utambulisho ambayo kila barua inazaliwa nayo. Zilizotumwa kutoka kompyuta ya dokumenti nazo zilipatikana, kumbuka POP haijui folda jingine zaidi ya la kupokelea, kwa hiyo kila alichotuma dada kwa miezi ile kilikuwa kwenye diski yake tu, kompyuta ile ingeungua au kuibiwa kusingekuwa na ushahidi kwamba aliwahi kumjibu mteja.

Siku ya kuunganisha, kompyuta moja ya akiba ilikataa kabisa, kila mara inasema cheti hakifai. Setingi zilikuwa sawa. Betri ndogo ya ubao mama ilikuwa imekufa, umeme ulikatika usiku, na saa ya kompyuta ikarudi nyuma miaka. Kwa saa hiyo cheti cha seva kilikuwa bado hakijaanza kutumika. Tulirekebisha tarehe ikaunganika. Kwenye maeneo ya umeme wa kukatika, angalia saa ya kompyuta kwanza kabla hujaanza kupekua mambo makubwa.

Halafu, tukidhani tumemaliza, ofisi ikafungiwa tena. Ikafunguliwa, ikafungiwa tena baada ya siku kadhaa. Dada ndo aliyegundua mwenendo: inatokea siku bosi akija ofisini. Tukamuuliza bosi ana kifaa gani kingine, akatoa tableti ya zamani kwenye begi ambayo anasomea magazeti, na ndani yake imeili ya ofisi iliwekwa zamani, bado inahangaika na paswedi ile ya mwanzo kila ikikamata waifai. Tukaiondoa akaunti, kufungiwa kukaisha.

Uchambuzi

Ukiniuliza kosa lilianzia wapi nitasema ni pale kazi ilipotolewa kama "weka imeili kwenye kompyuta". POP au IMAP linaonekana swali la fundi lakini ni swali la ofisi: barua zetu zinaishi wapi, na nani anazisoma? POP ilitengenezwa kwa mtu mmoja mwenye mashine moja, na kwa mtu huyo hadi leo ni nzuri tu, hasa mwenye bando dogo na boksi dogo. Anwani inayosomwa na zaidi ya kifaa kimoja haitaki POP, na kama kuna sababu ya lazima ya kuweka POP basi iwe kifaa kimoja tu na ile tiki ya kuacha kopi ibaki. Dakika tano za kuuliza "nani mwingine anaisoma hii?" zingeokoa ile storeji yote.

Kubadilisha paswedi kwa hofu ndo kulikogeuza usumbufu kuwa kusimama kwa kazi. Kama kweli umeingiliwa, paswedi ibadilishwe, hilo sipingi, ila kwanza zima imeili kwenye vifaa vyote vya ofisi, badilisha, kisha viwashwe kimoja kimoja na paswedi mpya. Karatasi ya orodha ya vifaa ibandikwe mahali, maana tableti kama ile ya bosi hakuna fayawoli itakayokuambia jina lake.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea ni kukopi kwa vipande na kuhesabu. Kuna kipande kimoja idadi haikulingana, tukakuta barua moja ina kiambatisho kikubwa kupita kiwango ambacho seva inakubali, ikakwama na kuzuia zilizofuata. Bila kuhesabu tungesema imeisha.

Kilichobaki kuwa kigumu ni kitu ambacho IMAP yenyewe imekileta. Kwa kuwa wote wanaona boksi lilelile, kijana akifungua barua kwenye simu, kwa dada inaonekana imeshasomwa, na dada alizoea kufanyia kazi zilizokolezwa tu. Wiki ya kwanza barua mbili zilipitwa hivyo. Wakakubaliana kwamba kusoma si kushughulikia, anayeshika barua anaipeleka folda linaloitwa kwa jina lake, na iliyobaki kwenye folda la kupokelea haijashikwa na mtu hata kama imesomwa. Hilo hakuna setingi ya kulifanya, ni makubaliano, na kijana mmoja bado anasahau. Vilevile mmoja akifuta imefutika kwa wote, kwa hiyo asidhani mtu kwamba IMAP ni bakapu. Dada kila Ijumaa anakopi folda lote la data la Thunderbird kwenye diski ya nje, programu ikiwa imefungwa, na diski inaenda nyumbani kwa bosi.

Folda la zilizotumwa nalo bado halijatulia. Webmeili na simu zinatumia folda moja, Outlook ya bosi ikatengeneza jingine lenye jina linalofanana, kwa hiyo majibu ya bosi dada hayaoni mpaka aende kule. Kwenye Thunderbird unaelekeza mwenyewe kopi za barua zilizotumwa ziende wapi, kwenye Outlook yake haikukubali. Nimemshauri ahamie Thunderbird pia, hajakubali bado, kwa hiyo kwa sasa anajiwekea nakala kwa anwani ya dokumenti kila anapomjibu mteja.